Ua la Juu ya Mvule

Kuna watu wameumbwa wakae, na kuna Mgeni binti Ame wa Makangale. Huyo tangu msichana, mtume maji kisimani, ungoje mpaka uchoke. Akimkuta kinyonga anavuka njia, atasimama na mtungi wake kichwani mpaka kinyonga afike ng'ambo. "Ana miguu ya kuku," walisema watu, na mumewe Mbarouk akicheka tu, maana mchochezi alikuwa yeye. Mbarouk alikata miti msitu wa Ngezi, na kila jioni alirudi na kitu ndani ya kofia: ganda la konokono, unyoya, kijidudu kinachojifanya jani.

Mwaka wa thelathini na nne, masika yakiishia, alirudi na kofia tupu.

"Leo sikuchuma," alisema. "Juu ya ule mvule ulioangushwa na upepo pameota kitu, kina vifundo vya maua. Vikifunguka nakupeleka ukaone mwenyewe."

Siku ya nane homa ikamchukua. Inna lillahi.

Mgeni akaingia eda. Miezi minne na siku kumi, hakuna wanja, hakuna hina, hakuna udi wala asumini wala chochote kinachonukia, na mlangoni hapiti ila kwa dharura. Na ua, jamani, si dharura. Mama mkwe wake, Bi Moza, waliyekaa naye nyumba moja, aliishika sheria hiyo kama mtu aliyeshika kamba ya mbuzi mtundu.

Mgeni alijaribu kutulia, masikini. Kwenye boriti dondora alijenga kijumba cha udongo, akamsindilia humo kiwavi mzimamzima, akaziba mlango. Mgeni alimtazama kutwa, na badala ya kustaajabu akamwonea uchungu kiwavi. Uani, kwenye mlimau, majimoto, wale sisimizi wekundu wa mitini, walishona majani, wengine wakiyavuta yakutane, wengine wamewabeba watoto wao mdomoni na kuwatoa uzi. Zamani angekimbia kumwita mtu aje aone. Sasa alitazama, akainuka, akakaa, akainuka tena. Moyo wote uko Ngezi. Vimefunguka? Vimeshaanguka? Na yeye yupo hapa analinda mlimau!

"Subira yavuta heri," alisema Bi Moza.

"Subira ni ya mtu, mama. Ua halina subira."

Siku ya arubaini na tatu, baada ya alasiri, Bi Moza akamkuta mlango wa uani, buibui begani, makubadhi mkononi.

"Wendapi?"

Mgeni akaangua kilio, akayasema yote: mvule, vifundo, ahadi. "Ndicho kitu cha mwisho alichonipa mwanao, mama, nami sijakiona!"

 Tangu mazishi hakuna aliyemwona Bi Moza akitoa chozi, na hapo pia hakulitoa. Alimnyang'anya makubadhi, akayavaa yeye, akatoka. Bibi wa miaka sabini, ambaye umri wake wote mti kwake ni kuni!

Alirudi magharibi imekaribia, nguo imechanika, miguu ina damu. Lakini hakuingia ndani. Alikaa kule kwenye mlimau, mbali.

"Meupe," alisema. "Tisa, nimeyahesabu. Kila moja lina mkia kwa nyuma, mwembamba, shibiri nzima. Ukilielekeza juani unaona mna maji ndani yake." Akapumua. "Na Mbarouk kalizungushia vijiti, wenzake wasije wakalikata. Kavichonga vizuri, mwanangu."

Hapo machozi yakamtoka, mengi, bila ya haya.

Mgeni akainuka amfuate. Bi Moza akamzuia kwa mkono.

"Baki hukohuko. Nimeyakumbatia. Harufu imeniganda nguoni."

"Yanukia vipi, mama?"

Bi Moza akajifunika uso kwa ushungi wake, akavuta pumzi, akakaa nayo kwa muda.

"Hilo sikwambii," alisema. "Nikikwambia utayanusa."