Mashine za Vumbi na Kifua cha Mwanangu

Mume wangu alikuwa fundi wa jenereta kwenye hospitali moja ya misheni kule Karagwe, na kama wanaume wengine walivyojivunia ng'ombe, yeye alijivunia mashine za kufyonza vumbi. Kuukuu zote. Wauguzi na madaktari wa Kizungu walikuja nazo kwenye makasha, nyingine tangu kabla ya Uhuru, na mikataba yao ilipokwisha waliondoka na vinyago na vikapu, mashine wakamwachia yeye kwa sababu ndiye aliyekuwa akiwatengenezea. Alizipanga kwenye stoo nyuma ya nyumba yetu ya wafanyakazi, juu ya mbao, utadhani vikombe vya mpira wa miguu. Jumapili baada ya ibada, wenzake wakienda kwenye pombe ya rubisi, yeye alizipangusa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa.

"Hata moja haijawahi kusafisha nyumba yako," nilimwambia.

Alicheka. Mimi sikucheka, maana nilikuwa nimeinama na ufagio tangu alfajiri, na ufagio ndio uliokuwa ukinitisha.

Kitindamimba wetu, binti wa miaka kama mitano, alikuwa na pumu. Nyumba ilikuwa kando ya barabara ya udongo mwekundu, na msimu wa kahawa malori yalipita kutoka asubuhi mpaka jua kuzama. Vumbi liliingia dirishani, likalala juu ya makochi, kwenye mapazia, ndani ya godoro la sufi. Daktari alisema niondoe vumbi ndani ya nyumba. Ni rahisi kusema. Sakafu niliipiga deki, hiyo haikunishinda, lakini kochi hulipigi deki, na kila nilipolikung'uta vumbi lilinyanyuka, likazunguka chumbani, kisha likarudi kukaa palepale. Mtoto akaanza kukohoa.

Kwa hiyo nikajifunza kusikiliza. Kifua chake kilipoanza kubana kilipiga filimbi nyembamba, na filimbi hiyo niliisikia hata nikiwa jikoni natwanga karanga. Filimbi ilikuwa afadhali. Kilichoniogopesha ni kile nilichokiona mara moja, jioni moja ya mvua za kwanza: kifua kilibana mpaka filimbi ikakatika. Kimya. Mtoto ameketi, mdomo wazi, mabega juu, na hakuna sauti inayotoka. Baba yake alimbeba akakimbia naye wodini, wakamchoma sindano ya mshipa, akarudi kwetu. Mimi sikurudi kama nilivyokuwa. Tangu siku hiyo kila nilichofanya, kupika, kufua, hata kusali, nilikifanya huku sikio moja likiwa chumbani kwake.

Ndipo nikaenda stoo mwenyewe, nikamwambia mume wangu achague moja ifanye kazi kila siku. Alifurahi mpaka nikaona aibu kwa ajili yake.

Lakini umeme wetu ulikuwa wa jenereta. Uliwaka jua likizama, ukazimwa saa nne. Maana yake nyumba ingesafishwa gizani, na mama mkwe alikuwa kwetu, amekuja kutoka Isingiro kunisaidia mtoto. Kwao, kama kwetu sote, giza likishaingia nyumba haifagiliwi.

"Mwana wange," aliniambia, "ukifagia usiku unatoa vya nyumba. Na katika nyumba hii kuna nini, kama si huyu mtoto?"

Nilitaka kumjibu kwamba mashine si ufagio. Mimi ni Mlutheri niliyepata kipaimara, lakini niliogopa. Mwishowe tulipatana: mashine ifanye kazi, ila uchafu usivuke mlango usiku. Ukae nyuma ya mlango mpaka kuche, na yeye mwenyewe ndiye ataupeleka migombani.

Mume wangu alianza na ile aliyoipenda kuliko zote, ya chuma inayong'aa, yenye mfuko wa kitambaa uliosimama mgongoni. Tulimpeleka mtoto kwa jirani kwanza. Akaiwasha. Mfuko ulivimba, na mwanga wa taa ukanionyesha vumbi laini likichuja kwenye mishono, linapanda hadi dari. Ilikuwa inavuta vumbi la sakafuni na kulipandisha puani. Nilipiga kelele azime. Kwa kuwa hakunisikia, niliibonyeza swichi mwenyewe kwa mpini wa mwiko, maana umeme niliuogopa kama nyoka. Alisema mfuko unahitaji kushonwa tu. Nilimwambia aushone halafu akalale nao.

Ya pili ilikuwa jitu, la kijani, limelala chini kama nguruwe. Haikuvujisha hata punje. Ilitoa kwenye godoro vumbi kama unga wa muhogo, kopo zima, nami nilipoliona kopo lile nilikaa chini nikalia kwa kufikiri kwamba mwanangu alikuwa akilala juu yake. Siku zile za mwanzo kikohozi kilipungua, hilo nalikiri. Ila jitu lile lilinguruma mpaka vikombe vikatikisika kabatini, na ndani ya mngurumo huo mimi sikuwa na masikio. Nilizima kila mara nisikilize. Naisukuma kidogo, nazima, natega sikio: filimbi? Hakuna. Nawasha tena. Mume wangu aliona kwamba nitaiua swichi.

Jioni moja swichi ilikwama kweli, ikawa haizimi. Mume wangu alikuwa kwenye jenereta. Nikaona bora nimalize kochi haraka, kisha nimwite. Nilipoinua uso, mama mkwe alikuwa mbele yangu. Mdomo wake unafunguka na kufungika. Anapiga mapaja yake kwa viganja. Sikusikia neno. Mama yule, ambaye hakuwahi kukaribia hata balbu, aliushika waya kwa mkono mtupu, akaung'oa ukutani.

"Mawe!" alikuwa akisema, kumwita mama yake kwa Kinyambo. "Mtoto, waitu, mtoto!"

Nyumba ilinyamaza. Nikatega sikio upande wa chumbani, na sikusikia filimbi.

Nilimkuta mtoto ameketi ukingoni mwa kitanda, ameshika mbao kwa mikono yote miwili, macho yananitazama. Sijui nilitoka vipi nje. Najua tu kwamba niliingia wodini naye mgongoni, miguu mitupu, na muuguzi wa zamu alipomtoa mgongoni kwangu ilibidi anifungue vidole. Sindano ilichukua muda kufanya kazi. Mama mkwe alitukuta huko, akaketi sakafuni kando yangu. Nilingoja aseme kwamba tulimfagia mtoto usiku. Badala yake alinishika goti.

Filimbi iliporudi kifuani mwa mtoto nilimshukuru Mungu kwa filimbi.

Baada ya hapo nilisema sitaki kuona mashine. Mume wangu hakubisha, na yeye akiacha kubisha ujue ni mgonjwa. Hata Jumapili hakuingia stoo. Nikarudi kwenye ufagio na kitambaa kibichi. Malori hayakusubiri sisi tupone. Godoro likajaa tena, mtoto akaanza tena kukohoa usiku, na mimi nikabaki katikati: vumbi lilimbana, na mashine iliyoondoa vumbi ilinificha kubanwa kwake.

Jioni umeme ulipowaka nikaenda stoo peke yangu. Nilimwita mume wangu aziwashe zote, moja baada ya nyingine, nami nikaenda kusimama upande wa pili wa ukuta, nikamwomba mama mkwe akohoe karibu nami. Walidhani nimechanganyikiwa. Alikohoa kwa adabu, mkono mdomoni, na mashine zikamfunika moja baada ya nyingine. Mpaka ikaja ndogo moja ya kijivu, mpini wake umefungwa bendeji, ambayo mume wangu alikuwa akiichomoa vipuri. Ilivuma kama mzinga wa nyuki wa jirani. Juu ya mvumo huo nilimsikia mama mkwe akikohoa, kisha nikamsikia akinong'ona kwa Kinyambo kwamba mkwe wake ameharibika akili.

"Hii," nikasema.

"Hiyo haina nguvu ya kuvuta hata unywele," alisema mume wangu. Aliumia, maskini. Ilikuwa mbaya kuliko zote.

"Hii hii."

Akairudishia vipuri vyake, akaitengenezea chujio la kitambaa cha shuka kilichokunjwa mara nyingi, na ikawa mashine yetu ya kila siku. Ilikuwa dhaifu kweli. Kochi moja lilinichukua jioni nzima, nikipita palepale mpaka mgongo ukauma. Lakini nilimsikia mwanangu akijigeuza kitandani, nilimsikia akipiga chafya, nilisikia kamba za kitanda. Filimbi ilikuwa ikipungua mwezi hadi mwezi, na hofu haikupungua nayo. Kila jua lilipozama na jenereta kuanza kukohoa kule bondeni, nilishika mpini wa bendeji, nikaanza tena kusafisha na kusikiliza.

Jioni moja umeme ulikatika ghafla, kabla ya wakati wake. Giza tupu, na mashine ikafa mkononi mwangu. Nilitega sikio. Hakuna kamba za kitanda, hakuna kikohozi, hakuna filimbi. Nilisimama palepale, ndani ya kimya kile ninachokijua. Kisha nikaenda kwa kupapasa ukuta, nikagonga kochi, nikafika mlangoni mwa chumba, na mkono wangu ukagusa kichwa. Alikuwa amesimama pale gizani, bila viatu.

"Mama, upo?"

"Nipo. Umebanwa?"

"Sijabanwa."

"Mbona hujalala?"

"Huwa silali," akasema. "Bibi alisema umeme ukimkamata mtu hapigi kelele. Nasikiliza mashine. Ikinyamaza, nangoja nisikie miguu yako. Leo sikuisikia, nikabana pumzi nisikilize vizuri."

Nilipiga magoti. Alinipapasa uso, kisha akateremsha kichwa, akakilaza sikio kifuani kwangu, upande huu, halafu upande ule.

"Vuta pumzi," aliniambia. Nikavuta.