Hadithi Niliyomsimulia Mke Mwenzangu

Wajukuu zangu huniomba hadithi ya mke aliyesukumwa ziwani. Siwasimulii. Nimeshaisimulia mara moja, inanitosha.

Enzi hizo za Mwingereza tulikaa Mkuyuni, mume wangu akipakia pamba melini. Akaniletea mke mwenza kutoka Busisi, msichana wa meno meupe, kicheko hakimkauki. Kipya kinyemi ingawa kidonda, nikajisemea, atamchoka tu. Hakumchoka. Jioni akirudi kazini aliniuliza, "Mdogo wako yuko wapi?" kabla hata hajanisalimu. Nilimwonea wivu yule msichana mpaka chakula kikanishinda. Nilitaka jambo moja tu: arudi kwao.

Siku moja tunachambua dagaa uani, sisi wawili, nikamwambia nina hadithi. Kwetu hadithi hazisimuliwi mchana, lakini mimi ningesubiri nini? Nikamweleza: hapo kale mke mkubwa alimwalika mke mdogo wakachote maji. Njiani akamsifia shanga zake. Walipofika penye kina akamwambia, hebu inama, jitazame ulivyo mzuri. Mdogo akainama. Mkubwa akamsukuma, akarudi nyumbani, akampikia mume ugali.

"Na mwisho wake, dada?" akauliza.

"Ndio huo."

Nilidanganya. Kila mtoto wa kwetu anajua kwamba maji yale yalimtaja muuaji kila yalipochotwa, hata mume akasikia. Mwisho huo niliumeza.

Kesho yake nikamwita kwa sauti tamu, "Mdogo wangu, twende ziwani." Akasema tumbo linamuuma. Siku ya pili, kichwa. Nikafurahi kweli, nikijua bado kidogo atafungasha.

Siku ya tatu mume wetu akamuuliza anaogopa nini. Sijui alijibiwa nini, mimi hakunigombeza. Aliingia jikoni, akatwaa mtungi wa mke mwenzangu, akautia begani, mwanamume mzima, asubuhi kweupe, mbele ya majirani. Wanawake wakashika vinywa. Wanaume wenzake wakamtania kwamba amelishwa dawa. Akacheka nao, akaendelea kushuka ziwani, na msichana nyuma yake, mikono mitupu.

Akaenda kesho yake pia, na keshokutwa, hadi mvua zilipoanza. Mimi nilizaa watoto wanne katika nyumba ile, na maji ya kuwaogeshea, kila mmoja, nilikuwa nimeyachota mwenyewe na uchungu umeshanishika.