Mfuko wa Vumbi Haurudi Mtupu

Enzi zetu kule Shume, kijiji kizima kilikuwa na mashine moja ya msasa, nasi tuliiheshimu kuliko mwenyekiti wa kijiji. Ilikuwa ya Baba Hadija, seremala wa ng'ambo ya bonde. Baba yangu naye alikuwa seremala, ila mashine hakuwa nayo. Akipata kazi ya vitanda aliiazima Ijumaa, akairudisha Jumapili. Wiki asipoipata alisugua mbao kwa mkono hadi bega likakataa kuinuka, mama akamkanda kwa maji ya moto.

Kuisafisha ilikuwa kazi yangu, binti wa darasa la nne. "Chomoa kwanza!" Baba alisema hivyo kila mara, hata kama umeme umekatika tangu asubuhi. Nikishachomoa, nilivua mfuko wa vumbi, nikaukung'uta nyuma ya banda, nikapiga chafya. Unga wa paini ulinikaa kwenye nyusi nikafanana na bibi. Kisha brashi ya viatu kila pembe, pampu ya baiskeli kwenye matundu ya hewa, na mwisho kitambaa kikavu. Maji ni mwiko. "Vumbi likibaki ndani, mashine itakohoa," Baba alisema, yeye mwenyewe akikohoa.

Mama alikuwa na somo lake: chombo cha watu hakirudi kitupu. Ukiazima sufuria ya jirani, unairudisha imeoshwa na ndani kuna kitu, maharage, viazi, hata ndimu mbili. Tumekua hivyo, hatukuuliza.

Jumapili moja, msimu wa plamsi, yale matunda mekundu ya milimani kwetu, Baba akanituma niirudishe mashine peke yangu. Niliisafisha ikang'aa. Nikaitazama. Ilikuwa chombo cha watu. Tena ilikuwa na mfuko. Nikaujaza plamsi zilizoiva barabara, nikafunga zipu, nikavuka bonde, nikamwamkia mke wa Baba Hadija, nikamkabidhi mashine, nikarudi nyumbani nikijisifu.

Kesho yake asubuhi Baba Hadija aliiwasha juu ya meza ya mteja. Nasikia ililia kama mbuzi, ikatema maji mekundu kwenye mbao nyeupe, ikanyamaza.

Niliporudi kutoka shule nilimkuta barazani kwetu, mashine mapajani. Baba amesimama kando yake. Jamani, niliogopa! Si fimbo, fimbo nilizizoea. Niliogopa bega la Baba. Mashine ikifa, au mwenyewe akisusa, basi ni kusugua kwa mkono mpaka uzee.

"Nani aliweka matunda humu?" Baba Hadija aliuliza.

"Shikamoo. Ni mimi."

"Marahaba. Kwa nini?"

"Chombo cha watu hakirudi kitupu."

Alimtazama Baba. Baba alitazama mlima. Kisha Baba Hadija akatoa bisibisi. Wakaifungua wote wawili, wakakwangua plamsi zilizogandia kwenye feni hadi magharibi. Ilipowaka, Baba alikaa chini kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Baba Hadija akatia mkono kwenye mfuko wa vumbi, akatoa plamsi moja iliyosalimika, akaila.

"Tamu," alisema. "Ijumaa njooni muichukue. Ila matunda yaje na kikapu."

Leo nina karakana yangu Lushoto mjini. Mwezi uliopita kijana wa jirani aliazima grenda yangu kukatia marumaru. Ikarudi nyeupe pe, kama imetoka kusaga sembe, na mkononi hakushika hata ndimu. Nikamuuliza mbona hakuipuliza. "Mama, si itachafuka tena?" Nilitaka kumuuliza kama huwa anaoga, nikaona si adabu.

Baba hayupo tena. Baba Hadija yupo, ila macho yamegoma na kazi ameacha. Juzi mjukuu wake aliniletea gunia kutoka Shume. Ndani mlikuwa na mashine ile ile, imepulizwa kila tundu, waya umekunjwa vizuri. Mfuko wake ulikuwa umetuna. Nikaubonyeza. Wallahi, plamsi.

"Babu kasema hii usirudishe," mjukuu akaniambia.

Nilikaa chini palepale kwenye unga wa mbao, nikalia mbele ya wateja. Halafu, kabla sijafungua zipu, nikaangalia kwanza kama waya umechomolewa.