Kaza Mpaka Nyoka Asikie Maumivu

Mwenye kibanda umiza cha kuonyeshea video kilicho karibu na gulio la Kibondo anadhani nimemsamehe kwa sababu nikikutana naye nacheka. Mimi hucheka hata msibani, uso wangu uliumbwa hivyo. Sijamsamehe.

Siku moja ya gulio nilimchukua mama mdogo, aliyenilea kule Kitahana, nikamleta mjini kutazama picha. Hakuwa amewahi kuingia kibandani. Nami nilikuwa nimetoka kumaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, darasa ambalo mwanafunzi mdogo kuliko wote alikuwa na wajukuu, na Kiingereza kilikuwa kimenijaa mpaka kuku nilikuwa nawafukuza kwa Kiingereza. Nilitaka anione nikielewa.

Picha yenyewe ilikuwa ya kukausha mate. Kimbunga kimeng'oa mji mzima, mto umepanda hadi madirishani, watu wanne wamekwama juu ya paa, na kila kiumbe chenye meno kinataka kupanda pale pale. Chini mamba, juu nyoka wananing'inia kama nyama buchani. Mwenye kibanda hutafsiri mwenyewe kwa kipaza sauti, maana kwetu picha isiyotafsiriwa ni ugali bila mboga.

Nyoka akamuuma jamaa mguuni. Mwenzake akavua mkanda, akaanza kumfunga. Hapo mwanamke mmoja akapiga kelele, nami nikamsikia neno kwa neno: usifunge, utaua mguu!

Mtafsiri akasema, "Anasema kaza! Kaza mpaka nyoka mwenyewe asikie maumivu huko aliko!"

Kibanda kizima kikaangua kicheko. Mimi nilicheka mpaka mabati yakatikisika. Mama mdogo akanigusa kwa kiwiko.

"Ndivyo alivyosema?"

"Ndivyo, mama."

Ningeanza kusahihisha, watu wangenitoa mzobemzobe. Wimbi likaja likafunika paa, mkanda ukasahaulika.

Wiki chache baadaye mvua ya mawe ilipiga Kitahana tangu alfajiri. Mawe kama viazi, na moja, nakuapia, lilikuwa kama kichwa cha ndama. Ilipopungua, mama mdogo akaingia shambani kuona maharage yake yamesalia kiasi gani. Akakanyaga kifutu aliyejilaza chini ya majani yaliyopukutika. Majirani walisikia "Inzoka!", yaani nyoka kwa Kiha, wakaja mbio. Yeye mwenyewe ndiye aliyeamuru. Akadai mpira wa baiskeli, wakamfunga chini ya goti, na kila waliposita aliwafokea: "Kazeni! Mwanangu amesoma, ameniambia ndivyo!"

Kijito kilicho kati yao na barabara kilikuwa kimefurika. Walikaa wakisubiri maji yapungue mpaka alasiri, mpira umekazwa vile vile. Nilipowapokea hospitalini mguu ulikuwa mweusi kama sufuria ya kuni. Daktari aliutazama mpira kwanza, jeraha baadaye.

"Nani kafunga hivi?"

Majirani wakanigeukia mimi.

"Nyoka ana kesi yake, lakini mpira huu ndio umemaliza mguu. Mngemlaza, mngeutuliza, mkamleta hivyo hivyo."

Wakaukata chini ya goti. Alipozinduka, mama mdogo aliniuliza kama tatizo ni kwamba hawakukaza vya kutosha.

Gulio lililofuata nilikwenda kibandani nimefura kama andazi. Picha ilikuwa ile ile.

"Umemkata mama yangu mguu," nikamwambia.

"Mimi? Kwa panga gani, msomi?"

Nikamweleza. Akasikitika, siwezi kumsingizia. Akavua hata kofia. Kisha akasema, "Ndugu yangu, mimi natafsiri picha, maneno siyajui. Nikiona mkanda nasema kaza. Wewe uliyekijua Kiingereza, siku ile ulisema nini?"

Nilitaka kumpiga. Ningempiga angetua Makere, na kama upepo ungekuwa mzuri, Kasulu. Mikono ilinikatalia. Jibu lake nilikuwa nalo na sikutaka kulisikia, na hilo ndilo lililonichemsha kuliko vyote.

Nikaingia, nikachukua kipaza sauti. Mkanda ulipotokea nikanguruma: "Usifunge! Anasema usifunge, utaua mguu!"

"Toa huyo!"

"Anatuharibia utamu!"

"Mwalimu, darasa liko kule!"

Nikawageuzia Kiha. Nikawasimulia mpira, kijito, na mguu uliobaki hospitalini. Nikawaambia na mimi nilikaa humu humu, nikaelewa, nikacheka. Wakatulia. Nikadhani nimewapata. Mwenye kibanda akakichukua kipaza sauti chake taratibu mkononi mwangu.

"Hayo yalikuwa matangazo. Tuendelee, mamba huyo anakuja!"

Wakacheka tena, wote, hata mzee niliyemwona akifuta machozi.

Nikatoka nikiwa nawaka. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akanifuata nje.

"Kwa hiyo tusifunge?"

"Msifunge."

"Hata kamba laini?"

"Hata kitambaa, mama. Mlaze, mguu usitikiswe, mumuwahishe hospitali."

Akaitikia kwa kichwa, akarudi ndani kumalizia picha.