Redio Niliyokimbia Nayo Springfield

Nianze kwa kusema kwamba lile duka la redio na televisheni pale Springfield, huku Amerika, siwezi kulikanyaga tena, hata wakigawa bure, na nyinyi mnaonicheka kila tukikutana kanisani Bowie mmesikia nusu tu, tena nusu yenyewe imetiwa chumvi.

Chanzo ni mama yangu. Nilimtumia deki ya DVD, nikampa mtu aliyekuwa akisafiri, ikafika Kitale salama, na mama akaalika chama chake chote cha akina mama wa kuweka akiba waje kutazama harusi ya binamu yangu huku wanakunywa chai. Sasa kwenye chama kuna jirani yetu, Mama Nekesa, ambaye Mungu alimpa macho makali na kazi chache. Kabla bibi harusi hajatokea, akainua deki, akaigeuza, akasoma kwa sauti: "Made in China." Akamtazama mama. "Kwani msichana wako yuko Amerika ama China? Hizi si zimejaa pale stendi?"

Wakacheka. Mzaha ukawa uvumi, uvumi ukawa habari kamili: ati mimi sijawahi kupanda ndege, ati niko Nairobi nafulia watu nguo na kununua vitu vya bei rahisi kule River Road. Mama akaacha kwenda chama. Hilo ndilo lililoniuma, maana tangu baba afariki, chama ndicho kilichokuwa kinamtoa nyumbani, na mimi singeweza kwenda kujionyesha (makaratasi yangu ya kuishi huku yalikuwa hayajatoka, na ukiondoka kabla hayajatoka, kurudi ni hadithi). Akaniambia kwenye simu, kwa sauti ndogo, "Nitumie redio, mama, lakini iwe ya huko. Iwe imeandikwa."

Basi Jumamosi mchana nikatoka kwa mzee ninayemtunza, bado nina sare ya kazi, nikaingia dukani na kusema moyoni, nitageuza moja tu nione. China. Nikageuza ya pili, China, ya tatu Malaysia, nyingine Mexico, nikapiga magoti kufikia za chini, China na China tena, na kumbe wateja wameanza kunipisha kwa mbali. Juu kabisa kulikuwa na redio moja kubwa, nzuri, boksi lake limechorwa bendera ya Amerika. Nikasema ndiyo hii. Nikaivuta. Haikuja. Nikaivuta kwa nguvu za mtu aliyelea ng'ombe.

Sikujua kwamba zile za maonyesho zimefungwa waya. Waya ukakatika, king'ora kikalia duka zima.

Mtu mwenye makaratasi yake angesimama akasema samahani. Mtu anayesubiri makaratasi, akisikia king'ora na kuona mlinzi anakuja, miguu haimwombi ruhusa. Nilikimbia, na redio nilikuwa nimeikumbatia (sikumbuki kuamua kuibeba, naapa), nikakata kona penye simu, nikaangusha mnara wa maboksi ya kamera, wigi likahamia kwenye sikio, nikaanguka, na pale chini, umati umenizunguka, nikapiga mayowe kwa Kiswahili: "Mama yangu, nimekwisha, na hata sijaona imeandikwa wapi!"

"Shikamoo, dada," sauti ikasema.

Nikainua macho. Alikuwa mhudumu wa duka, Mmarekani mweusi mwenye mvi kichwa kizima, kifuani ana kibao kimeandikwa Baraka. Mzee kama yule kunipa mimi shikamoo! Kwetu Kitale hata wajukuu hawaitumii, sikujua nicheke au niitikie marahaba. Akamwambia mlinzi asubiri kidogo, akachuchumaa, akaniuliza polepole, kila neno akilipima, "Unatafuta nini, dada yangu?"

Nikamweleza yote, nikilia kama mtoto: deki, Mama Nekesa, mama aliyejifungia nyumbani. Akaichukua redio, akaigeuza. Malaysia.

"Dada," akasema, "katika duka hili lote, kitu kilichotengenezwa Amerika ni mimi tu."

Nilicheka hadi kamasi zikanitoka. Mlinzi naye akachoka kutusubiri, akaenda kukizima king'ora. Tulipokuwa tunapanga maboksi, Bwana Baraka akaniuliza kwetu jioni kukoje. Tangu nifike nchi hii hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamwambia ni baridi, moshi wa jikoni unatambaa chini, mahindi yanaanuliwa uani, na mama anaita kuku wake kwa kuwatukana mmoja mmoja. Akaacha kupanga. Kiswahili alikisoma madarasa ya jioni tangu ujana, akasema, na Afrika hajafika. Nikatuhurumia sote wawili, yeye na mimi. Nilipatamani nyumbani.

Ukutani palikuwa na bendera kubwa ya Amerika, wameitundika kwa ofa ya sikukuu. Akanisimamisha chini yake, akachukua kamera ya maonyesho, akanipiga picha, ikatoka hapo hapo kwenye mashine ndogo ya kuchapa. Macho mekundu, wigi upande, sare ina vumbi. Nikaituma hivyo hivyo, bila redio.

Mama alipoipata hakungoja nimpigie, alinibipu mpaka nikapiga. Alikuwa amerudi chama, na picha ameibeba.

"Mama Nekesa aliishika," akasema, anacheka, "halafu unajua alifanya nini? Akaigeuza nyuma. Nikamwambia, Mama Nekesa, wacha kugeuza, huyo ametengenezwa hapa."

Akacheka peke yake mpaka kicheko kikaisha. Kisha akauliza, "Sasa utarudi lini?"

Kadi ya simu ikaisha, simu ikakatika kabla sijajibu, na nashukuru ilikatika. Tangu siku ile nimeapa sitageuza kitu cha mtu dukani, nitanunua kikiwa kimekaa kilivyokaa. Ila hilo swali la mama nimeligeuza kila upande, na sijaona jibu limeandikwa wapi.