Nakala ya Tatu ya Moshi wa Reli

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa tai. Niliingia katika jengo la redio pale Nakawa, Kampala, nikiwa na stashahada ya uhandisi wa sauti ndani ya bahasha ngumu. Niliipata Ujerumani, nilikoosha sahani miaka mitatu ili nijilipie ada. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Kabla ya hapo nilikuwa nabeba makatoni ya sabuni kwenye soko la Kikuubo, na wapo wafanyabiashara pale ambao hadi leo wananiita Gari. Nayasema haya ili ninyi mnaorekodi kwa simu mjue kwamba anayewaandikia hakuokota ujuzi wake barabarani.

Mkuu wa Mitambo alikuwa mama mnene mwenye sauti ndogo. Aliisoma stashahada yangu mpaka mwisho, akaiweka mezani, kisha akaweka kikombe chake cha chai juu yake.

"Umewahi kupoteza sauti ya mtu?" aliniuliza.

Nikajibu kwa fahari kwamba sijawahi.

"Basi kazi bado hujaianza, ssebo," akasema, akiniita bwana kwa Kiganda.

Hapo akanipa sheria ya idara yake. Kila tulichorekodi kilikuwa na nakala tatu. Ya kwanza ilibaki kwenye mashine, ya pili ilifungiwa kabatini, na ya tatu ililala nje ya jengo, kwa mtu unayemwogopa. Niliuliza kwa nini iwe kwa mtu unayemwogopa. Akasema mtu unayempenda utamwambia utampelekea kesho. Nakala zetu za tatu zilikwenda kwa Mkurugenzi wa Vipindi, askari mstaafu ambaye alipokea diski kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukiendelea kuandika. Niliipanda ngazi ya ofisi yake, jengo la ng'ambo, kila Ijumaa, miguu ikiwa mizito.

Baadaye nilihamishiwa Matangazo ya Nje. Msimamizi wetu huko alinifundisha jambo ambalo Wajerumani hawakunifundisha: kurekodi mahali pasipo na ukimya. Maikrofoni ya kondensa, ile inayosikia hata tumbo la mtu likinguruma, alikuwa akiifunga kwenye godoro kuukuu ili isishike ngurumo za magari. Nilipotosheka na mabosi nikafungua studio yangu Luzira, kwenye barabara ya Port Bell. Niliijenga kwa jasho langu na stashahada nikaitundika mlangoni. Nakala za tatu zikakoma siku hiyo hiyo. Ningempelekea nani? Bosi nilikuwa mimi.

Bendi ya Nyundo za Kambi ilikuja kwangu wenyewe wakiwa wazee. Walikuwa wanaume wanne, watoto wa askari na polisi, waliokulia kambi moja. Kwa zaidi ya miaka thelathini walikuwa wamepiga rumba kwenye harusi ili wale, na hevi metali siku za Jumapili ili waishi. Mwimbaji, Rajab, alikuwa Mnubi mrefu aliyenguruma kutoka tumboni. Mpiga ngoma, Okot, mtoto wa sajini wa polisi kutoka Kitgum, alipenda kukimbiza mwendo kama anayefukuzwa. Walitaka kurekodi albamu yao ya sita, Moshi wa Reli, na walitaka iishe haraka.

Sababu ya haraka aliniambia Rajab mwenyewe, tukiwa tumesimama nje tukisubiri mabehewa yapite. Kila garimoshi la mizigo la bandarini lilipopita, sakafu ya studio ilitetemeka na kazi ikabidi isimame. Alikuwa na uvimbe kooni, na madaktari wangeukata baada ya siku kumi.

"Wameniambia naweza kuamka bila sauti," alisema. "Mimi kisu sikiogopi, Bwana Diploma. Naogopa kuamka."

Tangu hapo niliogopa pamoja naye. Ukirekodi mtu mzima wa afya ukakosea, anarudia. Huyu asingeweza kurudia.

Niwaeleze jinsi kazi ilivyokwenda. Kwanza tulirekodi ngoma. Ili Okot ajue yuko wapi ndani ya wimbo, Rajab aliimba naye chumba kimoja, wakitazamana. Hiyo huitwa sauti ya mwongozo. Haikusudiwi kusikiwa na mtu, kwa maana imejaa matoazi, yale masahani ya shaba ya mpiga ngoma. Kazi ikiisha hufutwa. Siku ya mwisho kabisa ndipo mwimbaji anaingia peke yake kwenye kijumba kilichofunikwa sponji na kuimba sauti ya kweli.

Rajab aliimba nyimbo zote nane kwa asubuhi moja. Kila baada ya wimbo alikunywa maji ya tangawizi na kushika koo kama mtu anayepima kama mlango umefungwa. Nilimwona kupitia kioo, macho makavu, ameng'ang'ania stendi ya maikrofoni. Alipomaliza aliinua kidole gumba, akachukua kofia yake, akatoka bila kuaga. Sauti yote ilikuwa kwenye diski moja. Nikasema nitainakili nikishakunywa chai.

Umeme ulikatika nikiwa na kikombe mkononi. Jambo hilo Kampala si habari, na kila studio ina betri ya akiba inayoshikilia mashine mpaka jenereta iwake. Ila siku mbili kabla yake gita lilikuwa na mvumo, nami nikaihamishia betri ile kwenye amplifaya yake. Sikuirudisha. Umeme ulirudi kwa kishindo, ukakatika, ukarudi tena. Diski ikaanza kugonga, tik, tik, tik, kama saa iliyokwama. Nilijua maana ya mlio ule: diski imekufa. Nilikaa chini kwenye sakafu nikiwa nimevaa shati langu jeupe.

Fundi wa kompyuta niliyempelekea mjini aliifungua mbele yangu, akaifunga, akanirudishia kwa mikono miwili kama anayetoa pole msibani. Niliporudi Luzira, Okot alipiga simu kuuliza kama sauti ya mzee imetoka vizuri. Nikamwambia imetoka vizuri. Nilikuwa na siku tatu bado kabla ya upasuaji. Ningeweza kumwita Rajab aimbe tena. Nilishika simu mara nyingi, na kila mara niliwaza koo lile likipasuka ndani ya kijumba changu kwa ajili ya betri yangu. Tena, niseme ukweli wote, niliiwaza na stashahada pale mlangoni.

Sauti ya mwongozo ilikuwa kwenye diski nyingine, ya zamani, bado haijafutwa. Nikaitumia. Nilijaribu kila nilichofundishwa ili niyatoe matoazi, lakini huwezi kutoa chumvi kwenye mchuzi. Kwenye wimbo wa tatu Rajab anamkatiza Okot katikati ya ubeti, "Okot, usikimbie," kisha anaendelea kuimba kwa pumzi ile ile. Nilipoyakata maneno hayo ubeti ulikufa. Nikayaacha.

Albamu ilitoka Rajab akiwa bado na bandeji shingoni. Upasuaji ulimponya, na ngurumo yake ikaenda na uvimbe. Kilichobaki kilikuwa pumzi. Watangazaji walisema mwimbaji amezama kwenye shaba, fundi amelala. Hawakuicheza. Mimi, niliyekuwa nikijibu kila mkosoaji, safari hii nilinyamaza. Lakini wapo vijana wachache walioipenda, na kwenye maonyesho ambayo bendi ilipiga bila mwimbaji wao walipaza sauti kwa pamoja, "Okot, usikimbie!" Kila nilipoyasikia maneno yale nilitoka nje, maana Rajab alikuwa akikaa viti vya mbele, akisikiliza.

Niliishi hivyo miaka saba. Nikimwona mjini nilivuka barabara. Mwaka jana masikio yalianza kuniangusha, nikaamua kufunga studio, na nilipokuwa nikipanga vitu kwenye maboksi nikaikuta ile diski iliyokufa. Nilikwenda nayo nyumbani kwa Rajab, mtaa wa Mbuya.

Mke wake alinikaribisha chai, akatuacha barazani. Rajab huongea kwa kuandika kwenye daftari. Kabla sijafungua mdomo aliandika kwamba amekuwa akitaka kunishukuru. Aliandika: "Siku ya kijumbani niliimba kama mgonjwa. Siku ya ngoma sikujua naimba. Ulichagua vizuri."

Hapo palikuwa na mlango wazi wa kutokea, tena mlango wa heshima. Nikaiweka diski juu ya daftari.

"Sikuchagua, mzee," nilimwambia. "Ile ya kijumbani niliipoteza. Diski ni hii hapa. Kosa ni langu."

Aliichukua diski. Akaigeuza, akaitikisa karibu na sikio. Kisha akaandika taratibu, na kunisukumia daftari.

"Najua. Nilikuwa bado getini kwako. Taa zilizimika na sikusikia jenereta. Nilikungoja utoke uniambie."

Nikamrudishia daftari. Alichukua kalamu akaongeza mstari mmoja: "Kutotoka kwako kuliniogopesha kuliko kisu."

Sasa nimestaafu. Vijana huniuliza siri ya kazi ni nini, nami nawaambia nilikuwa fundi bora kuliko wengi waliokuja baada yangu, na sioni aibu kulisema. Wakishachoka kunisikiliza ndipo nawaambia habari za nakala. Moshi wa Reli sasa ina tatu. Ya kwanza iko kwenye kompyuta yangu, ya pili kabatini chini ya stashahada, na ya tatu iko Mbuya kwa Rajab.

Kila Ijumaa hunipigia simu. Kwa kuwa hana sauti, hugonga diski kwa ukucha mara mbili ili nijue ipo. Kabla ya kupokea, mimi husimama kwanza, nikafunga kifungo cha shati.