Neno Nililomutia Bi Zaina Kinywani

Juzi jirani yetu muvuvi aliyeyusha risasi ya kutia uzito ku wavu wake, akatupa kipande cha nta ya nyuki ndani. Ile harufu ikanifuata mpaka ku kitanda. Nikafunga mulango. Mutanicheka, wanangu, bibi muzima anakimbia moshi wa nta. Chekeni kwanza.

Nilipokuwa mutoto hapa Kindu, wakati waungwana, wale watu wa Waarabu, walikuwa wangali na bunduki zao, kulikuwa fundi wa risasi, Fundi Mabruki, muntu wa pwani. Kutwa nzima aliinama juu ya chungu, anatupa nta ili uchafu upande juu, anavuta ule moshi, anamwaga risasi ku kalibu. Alisema "mtoto", si "mutoto" kama sisi, anameza sauti katikati kama mwenye kumeza mufupa wa samaki, na mimi nilimwiga mpaka yeye mwenyewe anacheka. Niliiga kila muntu: muadhini na kikohozi chake, mama yangu akikasirika, hata mbuzi wa jirani.

Kisha Fundi akaanza kushika tumbo. Ufizi ukapata mustari mweusi, na mikono ikaanguka ku kifundo, inaning'inia kama majani ya muhogo kwa jua. Bibi yake wa ndoa, Bi Zaina, muntu wa Kailo, njo alimulisha bukari, ule ugali wetu, tonge kwa tonge, na ile sauti yake ya puani: "Kula, baba, kula."

Siku moja wamama walikuwa wanafua ku muto, nikawaigia. Nilining'iniza mikono, wakacheka. Nikafanya sauti ya Bi Zaina, na juu ya kutafuta kicheko kikubwa zaidi nikaongeza neno: "Kula, baba, mikono yako ilale."

Hakuna aliyecheka. Mama mumoja akaacha nguo yake ichukuliwe na maji, akaniuliza nilisikia wapi. Ningesema nimetunga. Lakini wote walikuwa wananiangalia, nikaona haya, nikasema: "Ku mulango wake."

Mbele ya jua kuzama neno lilifika kwa wakubwa. Wakasema Bi Zaina njo anamuloga bwana yake ndani ya bukari. Fundi alilia, akasema wanamuonea; wakasema ni ile dawa aliyolishwa inasema. Wakamupandisha bibi yake mutumbwi, arudi kwao Kailo. Alipopita karibu yangu akasimama.

"Sauti njo yangu kabisa, mwanangu," akasema. "Lakini ile neno nilisema siku gani?"

Nikakimbia nyumbani.

Fundi hakupata tena muntu wa kumulisha vile. Walimuwekea sahani mbele, wakaenda zao. Mikono iko pale, haiinuki. Hakumaliza miezi miwili.

Wakaleta fundi mwingine, hana bibi, anajipikia mwenyewe. Akainama juu ya chungu kile kile. Kidogo kidogo tumbo, ufizi mweusi, mikono ikaanguka. Sisi wote tulijua risasi inaua ikitoka ku bunduki. Nani alifikiri inaua fundi wake ingali supu ndani ya chungu? Hapo nilielewa. Na nikanyamaza, na kila mwaka kunyamaza kukawa rahisi zaidi.

Nikiwa mama wa watoto wane nilienda Kailo kumutafuta Bi Zaina. Alikuwa amekufa. Dada yake akanipa kiti, akauliza nimekuja juu ya nini. Nikasema natafuta mafuta ya mawese ya kununua.

Akanipimia. Nikarudi nayo ku kichwa.